Mficha Maradhi: Ni Mgonjwa au Mganga?

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Methali hii hunukuliwa mara kwa mara na watumishi wa afya wanapowahimiza wananchi wafike hospitali mapema, na ni vyema kuinukuu. Lakini katika matibabu ya maradhi ya akili methali hiyo ina upande wa pili ambao hautajwi. Mara nyingi anayefichwa maradhi ni mgonjwa mwenyewe. Huletwa hospitali na jamaa zake, wakati mwingine pamoja na sheha au askari, huchomwa sindano, hupewa vidonge, hurudishwa kwao. Katika safari yote hiyo huenda asiambiwe ugonjwa wake unaitwaje, dawa aliyopewa inafanya nini mwilini mwake, wala ataitumia mpaka lini. Jalada lake lina habari hizo zote, lakini limeandikwa kwa Kiingereza na linakaa kabatini.

Baadaye mgonjwa huyo akiacha dawa, huitwa mkaidi. Jamaa humlaumu, na mwuguzi huandika kwamba ameacha matibabu. Ni wachache wanaojiuliza kama kuacha dawa huko si ukaidi bali ni jibu: jibu la mazungumzo ambayo hayakufanyika. Jambo hili linastahili kupimwa kwa makini, hasa katika kisiwa cha Unguja, ambako mganga na mgonjwa wana lugha moja na kwa hiyo hawana udhuru wa kutoelewana.

Mvuvi na sindano ya mwezi

Ichukuliwe kwa mfano habari ya kijana mvuvi wa Nungwi. Kijana huyu si mtu fulani anayejulikana, bali ni mfano wa wengi. Alianza kukosa usingizi, kisha akawa anasikia sauti za watu wasioonekana wakimtukana. Wazazi wake walimpeleka kwanza kwa mwalimu, akanyweshwa kombe. Hali ilipozidi walimpeleka Kidongo Chekundu, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko mjini Unguja, ambayo kwa miaka mingi imepokea wagonjwa wa kulazwa kutoka pande zote za kisiwa. Alilazwa, sauti zikapungua, usingizi ukarejea. Akaruhusiwa kurudi kwao, na jamaa zake wakaagizwa wamlete kila mwezi kuchomwa sindano.

Baada ya sindano ya pili vidole vyake vilikakamaa. Hakuweza tena kufunga ndoana kwenye mshipi. Mate yalimtoka bila ya kutaka, na miguu haikutulia hata alipokaa. Ndani ya ngalawa mtu ambaye mikono yake inatetemeka ni mzigo kwa wenziwe, nao wakaacha kumwita alfajiri. Mwezi wa tatu hakwenda mjini. Safari yenyewe ni ya zaidi ya kilomita 50, nauli inauma, na alichokuwa anakwenda kukichukua kwa macho yake kilikuwa ndicho kilichomwondoa baharini. Baada ya miezi kadhaa sauti zikarudi, naye akarudishwa hospitali akiwa amefungwa kamba.

Jalada likapata mstari mmoja zaidi: mgonjwa aliacha matibabu. Habari ya vidole haikuandikwa, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Daktari alikuwa akishughulika na sauti. Kijana alikuwa akishughulika na mikono. Kila mmoja alikuwa na haki, lakini hawakukutana.

Jinsi dawa inavyofanya kazi

Kilichompata mvuvi huyo hakina uchawi wala siri kwa wataalamu. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Kifaransa, Jean Delay na Pierre Deniker, walianza kuitumia dawa ya klopromazini kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris. Wagonjwa waliokuwa wakipiga kelele miaka na miaka walitulia, na wengine wakaweza kurudi makwao. Baadaye zilipatikana dawa nyingine za jamii hiyo, kama vile haloperidoli, pamoja na flufenazini ya sindano ambayo nguvu zake hudumu mwilini kwa wiki kadhaa. Kabla ya dawa hizi hospitali za akili, Ulaya na Afrika, zilikuwa zaidi mahali pa kuhifadhi watu kuliko mahali pa kuwatibu. Hapana budi kusema wazi kwamba dawa hizi zimeokoa maisha ya watu wengi.

Dawa hizo hufanya kazi kwa kuzuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini isipokelewe na seli. Katika sehemu fulani za ubongo uzuiaji huo hupunguza sauti na dhana zisizo na msingi. Lakini dopamini hiyo hiyo, katika sehemu nyingine ya ubongo, ndiyo inayosaidia kuongoza mwendo wa viungo. Ikizuiwa huko, mgonjwa hukakamaa na kutetemeka kama mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson. Tiba ipo: kipimo cha dawa hupunguzwa, au dawa hubadilishwa, au huongezwa dawa nyingine ya kulegeza viungo. Yote hayo yanawezekana, kwa sharti moja tu, kwamba mgonjwa aseme na daktari asikie.

Liko dhara jingine ambalo hudhihirisha zaidi hatari ya kutoulizana. Baadhi ya wagonjwa wanaotumia dawa hizi hupatwa na hali ya kutotulia. Husimama, hukaa, hutembea huku na huku, nao hueleza kwamba miguu inataka kwenda yenyewe. Kwa mtazamaji asiyeuliza, hali hiyo inafanana na wazimu unaorudi. Basi dawa huongezwa, na kwa kuwa dawa ndiyo iliyoleta hali hiyo, mateso huzidi. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kutenganisha mambo haya mawili. Kinachoyatenganisha ni swali moja lililoulizwa kwa upole, na jibu lililongojewa.

Mganga mmoja, majina mawili

Katika Kiswahili neno mganga linawahusu watu wawili. Serikali ina Mganga Mkuu, naye ni daktari aliyesoma chuo kikuu. Kijijini yuko mganga wa kienyeji, mwenye mizizi, vitabu na ngoma. Wataalamu wengine huudhika kwa kuchanganywa huku. Pengine badala ya kuudhika wangejifunza kitu, kwani watu wa Unguja wanaomwendea mganga wa kienyeji kabla ya kwenda hospitali hawafanyi hivyo kwa ujinga peke yake.

Mganga wa kienyeji huuliza. Hutaka kujua mgonjwa ni mtoto wa nani, maradhi yalianza siku gani, aliota nini, alikosana na nani. Kisha hutoa maelezo yenye jina. Huenda akasema kwamba ni pepo wa ruhani, au rubamba wa Pemba, au kibuki aliyetoka Bukini, au habeshia. Na kila mmoja ana desturi zake, chakula chake na namna yake ya kupungwa. Mgonjwa huondoka akijua, kwa kadiri ya imani yake, amepatwa na nini na afanye nini. Maelezo hayo si ya kisayansi, na wako waganga wanaowachelewesha wagonjwa, kuwatoza fedha nyingi au hata kuwapiga. Mambo hayo yanastahili kukemewa. Lakini haifai hospitali, yenye elimu bora zaidi, kuwa na maelezo machache zaidi.

Kwa upande wake hospitali imezoea njia nyingine. Tangu mwaka 1964 Zanzibar imepokea madaktari kutoka China, na baadaye kutoka nchi nyingine rafiki, nao wametoa huduma kubwa katika hospitali za Unguja na Pemba. Mfupa uliovunjika unaweza kuungwa na daktari anayejua maneno ishirini ya Kiswahili. Akili haiwezi. Mgonjwa akisema moyo wake mzito, au kichwa kinamwenda mbio, au ana mawazo, hayo si maneno ya kuchorea mazungumzo bali ndiyo dalili zenyewe. Mkalimani akiyafupisha, dalili zimepotea njiani. Daktari mzalendo naye, aliyeyasikia maneno hayo utotoni mwake, huyaacha mlangoni akaandika kwa Kiingereza kile kinachofanana na kitabu. Hivyo mgonjwa na daktari wanaozungumza lugha moja hujikuta wametenganishwa na karatasi.

Siku hizi watumishi wa afya wa Tanzania hutumia neno sonona kwa ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoondoka. Ni neno zuri, lililotokana na kitenzi cha zamani cha kusonona. Lakini neno la kitaalamu halitoshi likibaki midomoni mwa wataalamu. Linapaswa kuwekwa mbele ya mgonjwa, kando ya neno lake mwenyewe, ili aone kwamba yote mawili yanahusu jambo lile lile linalomtesa.

Elimu hii si ngeni

Atakayedhani kwamba kumsikiliza mgonjwa wa akili ni desturi mpya iliyoletwa kutoka Ulaya anakosea. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya manfaa ya miili na ya nafsi. Humo alieleza kwamba nafsi huugua kama vile mwili unavyougua, na kwamba maneno mema ya mtu mwingine ni sehemu ya tiba yake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika kitabu chake cha Qanun namna ya kumtambua mtu anayedhoofika kwa mapenzi aliyoyaficha. Tabibu humshika mgonjwa mshipa wa mkono huku akitaja majina ya watu, mitaa na nyumba. Jina likimgusa, mapigo hubadilika. Kipimo hicho kinaweza kuchekwa leo, lakini msingi wake ni imara. Tabibu anakaa karibu, anamgusa mgonjwa, anazungumza naye habari za mji wake, na anangoja.

Vitabu vya mabingwa hao vilisomwa katika nchi ambazo Zanzibar ilifanya nazo biashara kwa karne nyingi. Kwa hiyo daktari wa Unguja anayetaka kukaa na mgonjwa wake na kumsikiliza hana haja ya kuomba ruhusa kwa mila zake.

Mtu wa tatu chumbani

Mgonjwa wa Unguja haji peke yake. Huja na mama, kaka, shangazi au mke, nao ndio watakaomlisha, watakaomnunulia dawa, na watakaomtafuta usiku akipotea. Jambo hili ni utajiri. Juli McGruder, mtaalamu wa Kimarekani aliyeishi Zanzibar na kuandika tasnifu ya Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1999, alifuatilia kwa karibu maisha ya familia tatu za hapa zenye wagonjwa wa skizofrenia. Alionyesha kwamba imani za familia, kuwa pepo wamehusika au kuwa mtihani umetoka kwa Mungu, hazikuwa lazima zimtenge mgonjwa. Mara nyingine zilimbakisha ndani ya jamii, kwa sababu hazikumfanya yeye mwenyewe kuwa ndiyo kosa. Maelezo hayo yanakwenda sambamba na utafiti ulioanzishwa London na George Brown mwishoni mwa miaka ya 1950, uliogundua kwamba wagonjwa wanaorudi katika nyumba zenye lawama na uhasama hurudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wale wanaorudi katika nyumba tulivu.

Hata hivyo utajiri huo una gharama yake. Katika chumba cha daktari mazungumzo hupita juu ya kichwa cha mgonjwa. Daktari humwuliza mama: "Analala? Anakula? Anagombana?" Mama hujibu. Mgonjwa, ambaye pengine ana miaka arobaini na watoto wanne, huketi kati yao kama mtoto mchanga aliyeletwa kupimwa uzito. Mambo yanayomhusu yeye peke yake, kama vile unyonge wa ndoa ambao baadhi ya dawa huuleta, hawezi kuyasema mbele ya mama yake wala mbele ya mkwewe. Huyanyamazia, akafika nyumbani, akaviacha vidonge.

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako dirisha la nyumba moja linakaribiana na dirisha la nyumba nyingine, siri ni kitu adimu. Ndiyo sababu chumba cha daktari kinapaswa kuwa mahali pa siri kuliko pengine pote. Dakika tano za mgonjwa akiwa peke yake na daktari, kabla ya jamaa kuitwa ndani, haziwapunguzii jamaa heshima yao. Zinamrudishia mgonjwa yake.

Swali la Ramadhani

Mfano mwingine uko wazi kiasi kwamba ni ajabu hausemwi mara nyingi. Wananchi wa Unguja kwa wingi wao ni Waislamu, na mwezi wa Ramadhani wagonjwa wengi hutaka kufunga pamoja na watu wa nyumbani. Mgonjwa aliyeandikiwa vidonge mara tatu kwa siku hukabiliwa na uamuzi. Akila mchana, amejitenga na familia na kujitangaza kuwa mgonjwa. Asipokula, amevunja agizo la daktari. Wengi huchagua saumu kimya kimya. Mwisho wa mwezi dawa imepungua mwilini, na Idi huenda ikamkuta hospitali.

Dini imewaruhusu wagonjwa wasifunge, na ni vyema kuwakumbusha. Lakini tiba nayo ina nafasi. Dawa nyingi za akili zinaweza kupangwa upya ili zinywewe baada ya futari na wakati wa daku, au mara moja tu usiku. Nyingine zahitaji tahadhari kubwa. Lithiamu, inayotumiwa kwa wagonjwa ambao hali yao hupanda na kushuka kati ya furaha ya kupita kiasi na huzuni, huzidi katika damu mwili unapopungukiwa na maji, na ikizidi ni sumu. Mgonjwa wa lithiamu anayefunga bila ya daktari kujua yumo hatarini. Swali la mwezi wa Shaabani, "Je, unakusudia kufunga?", lingeweza kuzuia madhara hayo, nalo halihitaji mtambo wala fedha za kigeni.

Benchi na baraza

Atauliza msomaji kama kuna ushahidi kwamba kumsikiliza mtu kwa lugha yake kunaleta nafuu inayopimika. Upo, na umetoka Afrika. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda wa Harare, Zimbabwe, alianza mpango wa Benchi la Urafiki. Mabibi wa mitaani, waliopewa mafunzo mafupi, walikaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hawakuanza na majina ya vitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, ambalo Mswahili angelielewa mara moja kwa kuwa naye husema kwamba mtu fulani "ana mawazo". Bibi na mgonjwa walichagua tatizo moja, wakatafuta hatua ya kulipunguza, kisha wakakutana tena, hadi vikao sita.

Jaribio la kisayansi lililotangazwa mwaka 2016 lilihusisha watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, watu wapatao 50 katika kila 100 waliopata huduma ya kawaida walikuwa bado na dalili za sonona. Miongoni mwa waliokaa kwenye benchi walikuwa 14 hivi katika kila 100. Ni kweli kwamba wagonjwa hao walikuwa na maradhi ya kawaida ya huzuni na wasiwasi, si wale wanaosikia sauti, na benchi haliwezi kuchukua nafasi ya dawa pale dawa inapohitajika. Lakini matokeo hayo yamefanya mpango huo uenee hadi nchi nyingine, Zanzibar ikiwa mojawapo.

Zanzibar ilikuwa tayari kuupokea. Nyumba nyingi za zamani za Mji Mkongwe zina baraza ya mawe mbele yake, na barazani watu hukaa sawa kwa sawa, bega kwa bega, tajiri na hamali. Hakuna meza kati yao. Mzee akimwona kijana amenyong'onyea humwambia, "Njoo ukae, mwanangu, nini kimekusibu?" Maneno hayo yana thamani ya kitabibu, na hospitali inaweza kuyaazima bila ya kulipa.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba wakati hautoshi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022 Zanzibar ilikuwa na wakazi karibu 1,890,000, na wataalamu wa maradhi ya akili ni wachache mno kwa umma huo. Malalamiko haya ni ya kweli. Lakini maswali yanayotakiwa ni matatu tu. Ugonjwa huu wewe unauitaje? Dawa inakufanyia nini, jema na baya? Ni kazi gani unayotaka kurudi kuifanya? Mwuguzi anaweza kuyauliza wakati wa kuchoma sindano. Mgonjwa anayerudi kulazwa kwa sababu hakuulizwa hula wiki nzima za wauguzi hao hao.

Wengine watasema kwamba mgonjwa aliyerukwa na akili haelewi. Siku ya kwanza, pengine haelewi. Lakini ugonjwa wa akili si usiku mmoja usiokucha. Una siku zake za utulivu, na maelezo yanayoshindikana Jumatatu huwezekana baada ya wiki mbili. Aidha, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaowataka watumishi wa afya wawatibu watu hao kwa ridhaa iliyotokana na kuelezwa.

Wengine tena huogopa kwamba jina la ugonjwa litamvunja mgonjwa moyo. Hoja hii hutolewa kwa huruma, lakini haitazami mtaa. Mgonjwa amekwisha kupewa majina na majirani: kichaa, punguani, mwendawazimu. Bara jina la Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, limegeuzwa mzaha hata kwa watoto. Daktari akinyamaza, majina hayo ndiyo yanayobaki. Jina la daktari, likielezwa vizuri, ndilo la kwanza linalomwambia kwamba yuko katika kundi la watu wenye ugonjwa unaotibika, wala si katika kundi la waliolaaniwa.

Pingamizi la mwisho ni la imani. Daktari huhofu kwamba akiuliza habari za pepo ataonekana anaziamini. Kuuliza si kukubali. Mgonjwa anayeruhusiwa kusema kwamba alikunywa kombe atasema pia kama alipewa mizizi, na mizizi inaweza kugongana na vidonge. Anayekemewa kwa swali la kwanza hatajibu la pili.

Mapatano ya siku za afya

Yako mambo ambayo sayansi bado inayapima, nayo yaelezwe kwa uaminifu. Nchini Uingereza walijaribu utaratibu wa mapatano: mgonjwa akiwa na nafuu hukaa na daktari wake, huandika dalili zinazotangulia ugonjwa, dawa iliyomfaa na iliyomdhuru, na mtu wa kuitwa. Jaribio la kwanza, lililotangazwa mwaka 2004 na kuhusisha watu 160, lilionyesha kwamba waliokuwa na mapatano walilazwa kwa nguvu mara chache zaidi. Jaribio kubwa zaidi la mwaka 2013, lenye watu 569, halikuipata tofauti hiyo. Lakini liliona kwamba uhusiano kati ya wagonjwa na watumishi ulikuwa bora zaidi. Funzo lake ni kwamba karatasi haitibu. Ikijazwa kwa haraka ili jalada litimie, haina faida.

Hata hivyo katika Unguja karatasi moja ya namna hiyo, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ikawekwa nyumbani kwa mgonjwa na nakala yake katika kituo cha afya cha karibu, ingeweza kufanya kazi ambayo jalada la Kiingereza halijaifanya. Ingesema: huyu ni mvuvi, mikono yake ndiyo maisha yake, ikikakamaa, dawa ipunguzwe au ibadilishwe, akikosa usingizi siku tatu, aletwe, na aletwe bila ya kamba, kwa kuwa amekubali mwenyewe kuja.

Kijana wa Nungwi hakuhitaji daktari wa ajabu. Alihitaji mtu wa kumtazama vidole na kumwuliza kama bado anakwenda baharini. Swali hilo lingechukua muda mfupi kuliko kuandika jina lake na tarehe. Wahenga waliwaonya wagonjwa wasifiche maradhi, na onyo lao limesikika. Sasa ni zamu ya wanaotibu kutoyaficha kwa mwenyewe.